Wingwi Nayo Imo katika Historia

Kijana wa Wingwi, katika Wilaya ya Micheweni, aliyejaaliwa kufika kidato cha sita na kuchagua somo la Historia, huingia katika chumba cha mtihani akiwa na shehena kubwa kichwani. Anazijua sababu za mapinduzi ya Ufaransa ya mwaka 1789. Anajua jinsi viwanda vilivyoanza Uingereza. Anaweza kueleza, tena kwa Kiingereza, kwa nini uchumi wa dunia uliporomoka mwaka 1929. Hatuna ugomvi na elimu hiyo. Mfanyakazi asiyejua ubepari ulizaliwa wapi hawezi kuujua unapomgongea mlangoni. Lakini mwulizeni kijana huyo mporomoko ule uliwafanyia nini wazee wake wa Pemba, naye atanyamaza.

Jibu liko chini ya mikarafuu. Kwanza wingi wenyewe wa mikarafuu ya Pemba una historia yake, kwani kimbunga cha mwaka 1872 kiliyaangusha mashamba ya Unguja na kukiacha kisiwa cha pili. Mikono iliyochuma ilikuwa ya watumwa mpaka sheria ya mwaka 1897, na baada ya hapo ikawa mikono ya watu huru waliolipwa kwa pishi. Dunia ilipoanguka, bei ya karafuu nayo ikaanguka, na wenye mashamba wakazama katika madeni. Serikali ya kikoloni ikatunga sheria mwaka 1934, na mwaka 1937 ikaitia biashara ya karafuu mikononi mwa jumuiya iliyoilea yenyewe. Wafanyabiashara wa Kihindi wakagoma, chama cha Congress huko India kikaisusia karafuu yetu, na mapatano hayakupatikana mpaka mwaka 1938. Basi mchumaji wa Pemba, ambaye hakuwahi kuiona Bombay, alikuwa amekwisha ingizwa katika siasa za dunia nzima. Je, hilo si somo la kidato cha sita?

Tunajua kwamba kuna walimu wanaoyajua haya na wangependa kuyafundisha. Wengine husema muda hautoshi, na hilo ni kweli kwa sehemu. Sehemu nyingine ni woga, na hapo ndipo Chama kinapopaswa kusema kwa uwazi.

Wanachama wetu hupenda kukumbusha kwamba katika uchaguzi wa Julai 1963 ASP ilipata zaidi ya nusu ya kura zote, lakini ikaambulia viti 13 tu kati ya 31. Ni kweli, na kijana anayejifunza Historia hana budi kuijua hesabu hiyo, kwani bila yake hawezi kufahamu Januari 12, 1964. Lakini hesabu hiyo ina upande wa pili. Wengi wa wapiga kura wa Pemba waliwapa kura zao ZNP na ZPPP. Kwa nini? Kuwaita wote vibaraka ni kukwepa swali. Wajukuu wa waliopiga kura hizo na wajukuu wa waliopigia ASP wanakaa leo dawati moja, na kila mmoja ameletewa kutoka nyumbani kisa chake. Skuli isipowapa mahali pa kuvipima visa hivyo kwa ushahidi, watavipima barazani, wakati wa uchaguzi, kwa hasira.

Vivyo hivyo tarehe 27 Januari 2001, siku ambayo wananchi waliuawa kwa risasi Pemba, na Micheweni yenyewe ikiwamo. Wanafunzi wa leo hawakuwa wamezaliwa. Wafundishwe siku hiyo, na wafundishwe pia muafaka wa Oktoba mwaka ule ule, na kura ya maoni ya Julai 2010 iliyofungua njia ya Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Anayejua mapatano bila ya kujua damu iliyoyatangulia hawezi kuyathamini.

Muda unatupita. Aliyekuwa na miaka ishirini siku ya Mapinduzi sasa amepindukia themanini, na kila mazishi hupunguza mashahidi. Nyaraka za Serikali ziko Kilimani, Unguja, ng'ambo ya bahari, wala mwanafunzi wa Wingwi hana nauli ya kuzifuata. Mzee yuko nyuma ya nyumba. Tunataka kila mwanafunzi wa Historia wa kidato cha tano akae na mzee mmoja, wa upande wowote, aandike maneno yake kwa Kiswahili, kisha ayalinganishe na vitabu, na kazi hiyo ipewe alama. Skuli za Bara tayari zina somo la Historia ya Tanzania na Maadili kwa Kiswahili, kwa hiyo lugha si kisingizio.

Na madaftari ya matawi ya ASP, popote yalipobakia katika makabati ya Chama kule Pemba, yafunguliwe kwa wanafunzi hawa, na mwalimu atakayewapeleka kuyasoma asiandikiwe barua ya kuulizwa kwa nini.