Ukiweka print Kosa Likapotea, Hujarekebisha Kitu

Wanangu, tuambiane ukweli. Fortran ikikutupia ile "Bad real number in item 1 of list input", we waweka print moja hapo juu, kosa lapotea, wafunga laptopu, waenda zako kula viazi karai. Ati umerekebisha. Umerekebisha nini?

Kigeu cha maandishi ni kama chumba cha kupanga hapa Kisauni. Ukiandika character(len=20) :: mstari, umepewa chumba tu, hakuna aliyekufagilia. Mpangaji wa jana akiacha takataka, utazikuta. Sasa READ ya faili inafeli, iostat umeiweka lakini hujaitazama hata siku moja, na mstari unaofuata, read(mstari,*) kina, unakwenda kuokota namba ndani ya zile takataka. Ile print haikufagia, imesogeza vitu kwenye memori tu. Kesho kwa kompyuta ya mwenzako kosa larudi. Na bora hata lirudi! Balaa ni siku takataka zikifanana na namba: hakuna kosa lolote, wapata kina cha maji cha uongo, na wakiamini.

"Lakini si hiyo ni lugha ya wazee, ya 1957?" Haya, hama. Ila WRF, programu ya kutabiri hali ya hewa, imeandikwa kwa Fortran, na ICPAC, kituo cha IGAD kilichoko hapa Kenya, wanaitumia. Mvuvi wa Likoni hana haja na umri wa lugha, ataka kujua upepo.

Chuo niliacha, na haya hayahitaji digrii. Andika mstari = ' ' kila mara kabla ya kusoma. ios ikiwa si sufuri, simama hapo hapo. gfortran mpe -Wall na -finit-character=35, vyumba visivyofagiliwa vijae alama ya #, uchafu uuone kwa macho yako. Na usiweke ile = ' ' pale unapotangaza kigeu ndani ya subroutine, ukadhani umemaliza. Hapo Fortran hufagia mara moja tu, ukiiita mara ya pili wakuta ya jana. Hiyo imewatesa mpaka wenye madigrii, sikwambii.

Kwa hivyo inboksi yangu msinitumie tena skrinshoti za print. Nitumieni ios yasemaje.