Kupiga Hesabu Ndiko Kuanza Kujenga

Kuna kauli inayorudiwa Tanzania nzima kila mtu anapotaja kiwanja chake: ukipiga hesabu, hutajenga. Wewe anza tu, mengine yatakuja. Wazee huwaambia vijana, mafundi huwaambia wateja, na aliyehamia kwake jana humwambia anayepanga chumba leo. Husemwa kwa nia njema. Hata hivyo naipinga, kwa sababu imewaharibia watu wengi fedha zao, na Kilimatinde ni mahali ambapo hasara yake huonekana kwa macho. Pita vijijini huku juu ya ukingo wa Bonde la Ufa, wilayani Manyoni, utayaona mapagale: kuta zilizofika usawa wa lenta zikaishia hapo, matundu ya madirisha yasiyo na fremu, majani yameota mahali palipokusudiwa kuwa sebule. Wenye mapagale haya hawakukwamishwa na hesabu. Walikwama kwa sababu walianza bila hesabu.

Nianze kwa kuitendea haki kauli hiyo, maana haikuzuka hivihivi. Mkulima wa huku hana mshahara wa mwezi. Fedha humjia kwa mkupuo, akishauza alizeti au ufuta, na asipoitumia mapema itakwenda kwenye ada, ugonjwa, misiba na maombi ya ndugu. Shilingi nayo hupungua thamani ikikaa mfukoni. Kwa hiyo mtu akiigeuza fedha yake kuwa tofali, ameificha mahali ambapo hakuna wa kuja kuikopa. Hilo ni kweli na ni busara. Kosa lipo katika hatua inayofuata: kwamba kwa kuwa fedha inakuja kwa mikupuo, basi hakuna haja ya kujua jumla. Mimi nasema kinyume chake. Anayepata fedha kila mwezi anaweza kukosea akajirekebisha. Anayepata mara moja kwa mwaka akikosea, amepoteza mwaka mzima.

Tuipige basi hesabu yenyewe, ili ionekane kuwa haina uchawi. Chukua nyumba ndogo ya vyumba viwili na sebule, mita 8 kwa 6. Kuta za nje ni mita 28 kuizunguka. Ongeza mita 10 za kuta za ndani, unapata mita 38. Zidisha kwa kimo cha mita 2.7, ni mita za mraba 102 na ushee. Toa milango minne na madirisha manne, inabaki takriban mita za mraba 90. Tofali za saruji za inchi 6 huingia karibu 10 katika mita moja ya mraba, ukihesabu na zitakazovunjika. Unahitaji tofali 900. Fundi akikufyatulia tofali 30 kwa mfuko mmoja wa kilo 50, hiyo ni mifuko 30. Hesabu hii ni ya eneo la mstatili, mwanao wa shule ya msingi anaiweza. Mtu anayesema hesabu ya nyumba ni ya wasomi tu hajawahi kukaa chini na daftari.

Sasa angalia daftari linavyokufundisha mambo ambayo macho hayayaoni. Watu wengi wakisikia mifuko 30 hudhani nyumba imekwisha. Lakini kuna saruji ya kuunganishia tofali, msingi, lenta, sakafu na plasta, na hiyo nyumba ndogo itaelekea mifuko 100. Sakafu peke yake, ikiwa ya zege la sentimita 10, inakula mifuko ipatayo 20. Plasta ya ndani na nje ni mita za mraba 180. Ikipakwa sentimita moja na nusu, kwa mchanganyiko wa ndoo moja ya saruji kwa tano za mchanga, utatumia mifuko ipatayo 17. Lakini kama ukuta umepinda na fundi analazimika kuunyoosha kwa plasta, kila sentimita moja ya ziada inakula mifuko 11 mingine. Kwa maneno mengine, yule fundi uliyemchukua kwa sababu alikubali malipo kidogo anaweza kuimaliza nafuu yote hiyo ukutani, na zaidi. Bila daftari utamsifu kwa urahisi wake. Ukiwa na daftari utamlipa vizuri anayejua kushika timazi na uzi.

Kilimatinde ina somo la pili ambalo vitabu vya mjini hulipita haraka: maji. Mvua ya huku ni ya msimu mmoja, kwa kawaida kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi Aprili, na kwa mwaka mzima ni kama milimita 600 tu. Ujenzi unafanyika kiangazi, wakati ndoo ya maji ina bei au ina safari. Mfuko mmoja wa saruji unahitaji lita 25 hadi 30 za kuchanganyia. Mifuko 100 ni hadi lita 3,000, yaani ndoo 150 za lita 20. Kisha kuna maji ya kunyweshea. Tofali la saruji haliimarishwi na jua, linaimarishwa na unyevu, na linatakiwa kubaki na unyevu kwa siku 7 angalau. Ukimwagia kila tofali lita moja tu kwa siku, tofali zako 900 zitakunywa lita 6,300 kwa wiki hiyo. Maji ya kunyweshea tofali tu ni mara mbili ya maji ya kuchanganyia saruji ya nyumba nzima! Nani kati yetu aliyaandika kwenye makisio yake? Kwa kuwa hayakuandikwa, hayakununuliwa, tofali zikaachwa zikauke kwa jua, na leo ukizikwaruza kwa msumari zinamwagika mchanga. Mwenye nyumba anailaumu saruji, kumbe saruji haikupewa maji yake. Aliyepiga hesabu mapema angezipanga tofali kivulini, akazifunika kwa majani au nailoni, akapunguza ndoo nyingi.

Somo la tatu ni barabara. Saruji, bati na nondo hazizaliwi Kilimatinde, zinapanda gari. Bei unayotajiwa kwenye hadiwea Manyoni au Singida si bei ya vifaa vyako. Bei yako ni ile ya kiwanjani, baada ya nauli, kupakia na kushusha. Udongo, mawe na mchanga viko karibu zaidi. Hapo ndipo hesabu inapogusa uchaguzi wa vifaa, na hapo ndipo ile kauli ya "anza tu" inapofanya madhara makubwa zaidi. Asiyepiga hesabu hachagui vifaa, huchaguliwa na jirani. Anajenga kwa tofali za saruji kwa sababu mwenzake kajenga hivyo, na kwa sababu tumeaminishwa kuwa udongo ni alama ya umaskini.

Zamani Wagogo wa huku waliishi ndani ya tembe, nyumba ya nguzo, fito na udongo, yenye paa la udongo lililolala, na walijua wanachofanya katika nchi ya jua kali na mvua chache. Siombi turudi kwenye tembe, paa lake lilidai miti mingi ambayo hatuna tena. Ninachosema ni kwamba udongo unaharibiwa na mvua ipigayo ukuta na maji yanayoruka kutoka ardhini, na kwetu mvua yenyewe ni kama theluthi moja tu ya ile ya Bukoba. Ukuta wa udongo uliosimama juu ya msingi wa mawe ulionyanyuliwa kutoka ardhini, chini ya bati lililotokeza sentimita 60 kila upande, unaweza kudumu kuliko aliyeujenga. Tofali za kuchoma nazo ni nzuri, ila kuni za tanuri ziandikwe kama gharama, hata ukizikata mwenyewe, maana pori linakwisha na jasho lako lina thamani. Tofali za kufungamana za udongo na saruji, ambazo Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umezitangaza kwa miaka mingi, hazihitaji kuni wala saruji nyingi ya kuunganishia. Lakini zinahitaji mashine, na kuikodi kwa nyumba moja kunaweza kumeza faida yote. Majirani watatu wakiungana, hesabu inabadilika.

Mimi sikuambii uchague ipi. Nakuambia ziandike njia zote nne (tofali za saruji, udongo, tofali za kuchoma na za kufungamana), kila moja kwa bei ya kiwanjani, ya mita moja ya mraba ya ukuta uliokamilika, maji, kuni, nauli na plasta ndani yake. Jibu litatofautiana baina ya aliye karibu na barabara na aliye mbali, baina ya mwenye kisima na asiye nacho. Na kabla ya kuuamini udongo wako, weka kiasi kwenye chupa angavu, ongeza maji, tikisa, acha utulie. Mchanga utakaa chini, tope laini juu. Jaribio hilo dogo linaweza kukuepusha na ukuta wa nyufa.

Kilimatinde yenyewe ina historia inayoikana kauli ninayoipinga. Kabla ya reli ya kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914, Kilimatinde ilikuwa kituo katika njia ya misafara iendayo Tabora, na Wajerumani waliweka boma lao hapa. Magharibi ya hapa lilikuwapo pori la Mgunda Mkali, lililoogopwa kwa uhaba wa maji na chakula. Msafara uliotaka kuvuka ulipaswa kujua idadi ya watu wake, posho yao, na umbali wa kutoka maji hadi maji. Kuingia bila kujua ni kuacha watu porini. Waliovuka hawakuzuiwa na hesabu, hesabu ndiyo iliyowavusha.

Ushahidi mwingine ni wa jana tu. Mwaka 2021 serikali ilipopata mkopo wa kukabiliana na UVIKO-19, ilipanga kujenga madarasa 15,000 nchi nzima, kila moja kwa shilingi milioni 20. Kazi ilikwenda haraka kwa sababu kila kamati ya shule ilikuwa na namba mkononi na mwisho unaojulikana. Linganisha na maboma ya madarasa na zahanati ambayo wananchi waliyaanza kwa nguvu zao bila kujua yangeishia wapi, ambayo bajeti za halmashauri mpaka leo hutenga fungu la kuyakamilisha. Moyo wa wananchi haukupungua popote. Kilichotofautiana ni makisio. Lakini hata ile milioni 20 ina onyo ndani yake: namba moja haiwezi kuwa sawa kwa shule iliyo kando ya lami na ile ambayo lori la mchanga huifikia kwa shida. Makisio ya kuazima hayatoshi. Kila kiwanja kina yake.

Nimebakiwa na jibu kwa yule mwenye hoja ya fedha za mkupuo. Usiiache fedha ikae, lakini nunua kwanza kinachoweza kusubiri. Mawe, mchanga na tofali hukaa mwaka bila kudhurika. Saruji haikai: ikifika miezi mitatu stoo, hata kama haijaganda, imeshapoteza sehemu ya nguvu yake. Kwa hiyo anayekimbilia kununua mifuko msimu wa mavuno ili "aanze tu", kisha akasubiri mavuno mengine, amenunua unga wa kijivu. Na usinyanyue ukuta ambao huwezi kuupaua kabla ya mvua. Kama hesabu inasema mwaka huu unamudu paa la vyumba viwili, jenga vyumba viwili, upaue, uhamie, uache kulipa kodi. Ramani iachie upande wa kuongezea. Nyumba ndogo yenye bati inakulaza, pagale la vyumba vinne linakudai.

Mafundi nao wabadilike. Fundi anayemwambia mteja "Mzee, lete kwanza mifuko 20 tuanze, mengine tutaona" anajua fika kwamba mengine hayo yapo, na ni mengi. Fundi wa kweli aandike orodha nzima kabla ya kuchimba msingi: saruji, nondo, mbao za kenchi, papi, bati na geji yake, misumari, maji, nauli, malipo yake kwa hatua, na akiba ya sehemu moja kati ya kumi kwa yasiyotazamiwa. Mteja asikubali kuchimbiwa msingi bila orodha hiyo, na baba asiifiche. Mama wa nyumba na watoto wakubwa waijue, maana nao ndio watakaobeba ndoo na kukosa mahitaji mengine kwa ajili ya nyumba hiyo.

Alizeti ya mwaka huu ikishauzwa, kabla shilingi moja haijaenda hadiwea, nunua daftari na kalamu. Kaeni familia nzima mezani, piga eneo la kuta, orodhesha vifaa, uliza bei sehemu tatu, ongeza nauli, ongeza maji. Jumla ikiwa kubwa kuliko uwezo, punguza nyumba hapo hapo kwenye karatasi, ambako kufuta ukuta hakugharimu kitu. Ukifika hapo umeshaanza kujenga, na umeanza mahali panapotakiwa.