Mtoto akikakamaa kwenye filamu

Napenda filamu zetu za Kibongo. Jumapili jioni, hapa Mwanza, huzitazama sebuleni na wanangu. Lakini lipo jambo linanikera kama daktari: mtoto akikakamaa kwenye filamu, hupelekwa kwa mganga, akazinduka, hadithi ikaisha. Wodini mambo hayaishi hivyo. Mama mmoja kutoka kisiwani alimleta mwanawe siku ya pili, baada ya kuzungushwa kwa waganga. Malaria ilikuwa imeshapanda kichwani.

Ipo filamu iliyofanya vizuri: Chumo ya mwaka 2011, aliyoigiza Jokate Mwegelo. Ni kisa cha mapenzi katika kijiji cha wavuvi, na hatari ya malaria kwa mjamzito imeonyeshwa bila mahubiri. Itafuteni.

Wazazi, sisemi mzime televisheni. Tazameni pamoja na watoto, kisha waambieni ukweli: degedege si jini, ni dalili ya ugonjwa, mara nyingi homa kali au malaria. Mlaze mtoto kwa ubavu, usimtie kitu mdomoni, umkimbize kituo cha afya usiku huohuo. Usisubiri kupambazuke.