Albamu ya Eno imesafishwa bila kuongezewa kelele

Siku hizi albamu ya zamani ikirudi sokoni ‘imesafishwa upya’, mara nyingi imeongezwa sauti tu. Sehemu za chini zinapandishwa, za juu zinabanwa, kila kitu kinabaki kimo kimoja kama nyasi zilizofyekwa. Wimbo wa kwanza unasema, “hii ni moto!” Ukifika wa nne masikio yamechoka na hujui kwa nini.

Ndiyo maana naisifia Music for Airports ya Mwingereza Brian Eno, toleo la santuri la 2018. Albamu yenyewe ilitoka 1978. Haina ngoma, haina besi ya kutikisa kifua, wala mtu wa kurap. Eno alikuwa amekwama kwenye uwanja wa ndege wa Cologne, Ujerumani, akakerwa na muziki uliokuwa ukipigwa pale. Akataka kutunga kitu ambacho unaweza kukipuuza ukiwa na shughuli zako, lakini ukiamua kukisikiza, kinakupa kitu. Muziki huo akauita ambienti.

Namna alivyoutengeneza inafurahisha. Katika 2/1, sauti za watu zilirekodiwa zikishikilia noti moja moja. Kila noti ikapewa kipande chake cha kanda, kikaunganishwa mwanzo na mwisho kikawa duara. Kimoja kinazunguka kwa sekunde 23 na nusu, kingine karibu 26, kingine karibu 30. Kwa kuwa hazilingani, noti zinakutana kwa njia mpya kila mara. Ni kama matatu tatu za ruti moja zenye spidi tofauti: leo zinafika steji pamoja, kesho zinapishana, halafu kuna dakika steji iko tupu.

Huo utupu ndio muziki wenyewe. Ukiubana na kuupandisha kama wanavyofanya na rekodi nyingine, unachopandisha ni mchakacho wa kanda. Miles Showell wa studio za Abbey Road, London, aliikata santuri hii kwa nusu ya spidi. Kanuni yake ni rahisi: mashine ikienda polepole, sindano inapata muda maradufu wa kuchonga sauti nyembamba bila kuzikwaruza. Nimeisikiza kwa rafiki yangu mwenye mtambo wa santuri. Kwenye 1/1, piano ya Robert Wyatt inapigwa, noti inafifia, inafifia, na unaifuata hadi inapoishia. Hakuna kinachokurupuka kukuambia “nisikize!”

Si kwamba halina kasoro. Majina ya vipande yalikuwa nafasi zake tu: 2/1 ni kipande cha pili upande wa kwanza. Sasa santuri zimekuwa mbili, za mizunguko 45 kwa dakika, hivyo majina hayo hayaelezi tena ukweli. Halafu muziki uliotungwa upuuzwe unakuinua kitini kila mara uende ugeuze santuri. Sawa basi, tutageuza.

Najua kuna atakayesema hii ni starehe ya Wazungu wenye vyumba vikubwa. Mwambie amsikize KMRU. Huyu ni kijana wetu wa Nairobi, Joseph Kamaru, na albamu yake ya ambienti, Peel, ilitoka 2020 na kusifiwa kote. Jina hilo alilirithi kwa babu yake, yule Joseph Kamaru wa nyimbo za Kikuyu, na kazi za babu amekuwa akizirudisha kwa wasikilizaji mwenyewe.

Hapo ndipo jambo hili linatugusa. Kuna kanda ngapi za benga na taarabu zinazoliwa na vumbi humu nchini? Siku zikipata wa kuzisafisha, naomba wasizigeuze kuwa za klabu. Gitaa lililorekodiwa likinong’ona liachwe linong’one.

Santuri ya Eno si ya kila mfuko, lakini albamu ipo mtandaoni. Anza na 2/1. Weka sauti chini kuliko ulivyozoea, dirisha wazi, saa kumi na moja alfajiri kabla makanga wa kwanza hajaanza kuita abiria.