Feni Ikinguruma, Usisubiri Inyamaze

Feni ya kompyuta yako inanguruma. Unaisikia. Umeshaizoea.

Acha kuizoea.

Kwa kawaida ngurumo hiyo inakuambia mojawapo ya mambo mawili. Ama ndani kuna joto lisilopata pa kutokea, ama feni yenyewe inakaribia kufa. Mara nyingi ni yote mawili, na la kwanza ndilo lililozaa la pili. Kwa vyovyote vile, siku zinahesabika. Zinahesabika kwa mashine, na zinahesabika kwa kila kilichomo: tasnifu, hesabu za duka, picha za harusi, barua za kazi.

Nina mpwa wangu yuko mwaka wa mwisho chuoni, Dar es Salaam. Kompyuta yake ni ya mtumba, imetoka Ulaya, mashine imara. Kwa miezi mitatu ilivuma kama mashine ya kusaga. Siku moja nilimuuliza kuhusu ule mvumo. Akanijibu, "Mjomba, kelele tu hizo, kazi inafanya." Nikaliacha likapita. Nilijua maana ya kelele ile, na nikaliacha likapita. Ndiyo sababu ninaandika.

Kisha ikanyamaza. Ghafla, asubuhi moja. Alinipigia simu kwa furaha. "Mjomba, imepona yenyewe!"

Haikuwa imepona.

Siku ya tatu ilizima akiwa katikati ya sura ya nne. Akaiwasha, ikazima. Akasubiri kidogo, akaiwasha tena, ikazima. Alijaribu mara tano. Baada ya mara ya tano haikuwaka tena.

Tuliifungua mezani kwangu. Kati ya feni na mapezi ya kupozea, pale hewa ya moto inapotokea, palikuwa na kitambaa. Ni vumbi, lakini lilikuwa limeshikamana na nywele, nyuzi za shuka na manyoya ya blanketi hadi likawa pande moja la kijivu. Nililishika kwa kibanio, likatoka zima, kama kiraka kinachobanduliwa kwenye suruali. Mwanga wa taa haukupenya. Hewa ingepenya vipi? Nikaisukuma feni kwa ncha ya kidole. Ilisogea robo mzunguko, ikakwama.

Hiyo ndiyo mashine iliyokuwa "imepona".

Tuelewane kuhusu kazi ya feni. Feni haitengenezi baridi. Inahamisha joto tu. Prosesa inapofanya kazi inachemka. Joto lake linapita kwenye pesti, ule ute wa kijivu au mweupe uliopakwa juu yake, linaingia kwenye bomba bapa la shaba, linafika kwenye mapezi membamba yaliyopangwa kama meno ya kitana. Feni inapuliza katikati ya meno hayo na kulisukuma joto nje. Njia ni hiyo moja tu. Pesti ikikauka, njia imebana. Meno yakizibwa, njia imefungwa. Feni ikisimama, hakuna njia.

Hewa inayoingia nayo ina joto lake. Pwani, kati ya Desemba na Machi, mchana hufika nyuzi 32 au 33 kivulini. Chumba chenye paa la bati lisilo na dari hupita hapo kwa mbali. Feni inavuta hewa hiyo hiyo iliyokwisha kupata moto na inatakiwa ipoze nayo. Dodoma adui ni vumbi la kiangazi. Mombasa na Tanga kuna unyevu na chumvi ya bahari, vinavyolilowanisha vumbi likagandamana kama udongo wa kufinyangia. Mashine iliyotengenezwa kwa ofisi yenye kiyoyozi inafanya kazi hapa kwa jasho. Hapa kwetu feni ni roho ya mashine.

Jina lenyewe limetuponza pia. Tunaiita kompyuta mpakato, na tunaipakata: mapajani, kitandani, juu ya mto, juu ya kanga iliyokunjwa. Matundu yake ya kuvutia hewa, kwa mashine nyingi, yako tumboni. Ukiilaza kwenye godoro umeiziba pua, kisha unashangaa inahema.

Sasa angalia madhara yanavyotembea, maana hayabaki kwenye feni.

Kwanza mashine inakuwa nzito. Prosesa nyingi za kompyuta mpakato zikikaribia nyuzi 100, joto la maji yanayochemka, zinajipunguzia kasi zenyewe ili zisiungue. Mtumiaji anaona inaganda. Anadhani ni virusi. Anadhani kumbukumbu imejaa. Ananunua ramu, anafuta programu, analipa pesa kwa tatizo lisilokuwepo huku tatizo lenyewe linamngurumia masikioni.

Kisha inaanza kujizima. Huo ni ulinzi wa mwisho wa prosesa.

Lakini ulinzi huo hauwakingi jirani zake. Diski za kuzunguka, zile za zamani, kwa kawaida hazitakiwi kupita nyuzi 60. Betri ya lithiamu haitakiwi kuchajiwa ikiwa imepita nyuzi 45. Wewe unaichaji usiku kucha, juu ya godoro, mashine ikivuma. Betri hiyo inazeeka haraka, na baadhi huvimba. Ukiona sehemu ya kuwekea viganja imenyanyuka, au kibodi imebinuka, au mashine haikai sawa mezani, usiibonyeze irudi. Usiitoboe. Usiichaji tena hata dakika moja. Betri ya lithiamu iliyovimba inaweza kuwaka moto, na moto wake hauzimiki kirahisi. Iko kitandani. Watoto wanalala hapo.

Hapo si suala la kelele tena.

Bodi ya mpwa wangu ilikuwa imekufa. Diski yake ilikuwa ya kuchomoa, tukaihamishia kwenye mashine nyingine na sura ya nne ikapatikana, pungufu ya kurasa za siku ile. Usijipe moyo kwa hilo. Baadhi ya mashine nyembamba za siku hizi zina hifadhi iliyochomelewa kwenye bodi moja kwa moja. Bodi ikienda, kazi imekwenda nayo.

Kwa hiyo sikiliza. Kelele hazifanani.

Ikivuma kama upepo mkali, mfululizo, kosa liko kwenye vumbi au joto. Feni ni nzima, imeelemewa. Hapo bado una nafasi, na ukisafisha leo huenda usinunue kitu. Ikisaga, ikikwaruza, au ikilia kama mlango mkavu hasa unapowasha asubuhi, beringi imekwisha. Kusafisha hakutaiponya. Inataka feni mpya. Ikigonga kwa mapigo, tak-tak-tak, kuna kitu kinagusa mapanga yake: waya uliolegea, kipande cha plastiki, na kwa hali ya hewa yetu hata mende. Mende hupenda joto la humo ndani. Nimekuta mayai yao chini ya feni.

Na kama inavuma wakati hufanyi lolote, ukurasa mtupu uko wazi na wewe unakunywa chai, usikimbilie bisibisi. Kwenye Windows bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, uangalie ni programu gani inayokula prosesa. Inaweza kuwa masasisho yanajipakua, yataisha. Inaweza pia kuwa mwizi. Mwaka 2017 ilizuka Coinhive, kipande cha programu kilichowekwa kwenye tovuti kutumia kompyuta za wasomaji kuchimba sarafu za kidijitali, mara nyingi bila wao kuombwa ruhusa. Ilifungwa Machi 2019. Mchezo haukufungwa nayo. Programu za bure zinazopitishwa kwenye flashi kutoka chumba hadi chumba bwenini ni mlango wazi wa wachimbaji wa namna hiyo. Umeme wako, prosesa yako, feni yako, sarafu zao.

Yapo mambo yanayofanywa mitaani kwa nia njema, na yanaua mashine. Naomba yakome.

Usitie mafuta ya kupikia. Usitie mafuta ya cherehani kupitia matundu. Kelele itapungua kwa siku chache, mafuta yatavuta vumbi, na feni itakwama kabisa.

Usiipeleke kwa fundi pancha ikapulizwe kwa kompresa. Namheshimu fundi pancha, lakini kompresa yake ni ya matairi. Hewa yake ina nguvu kupita kiasi, na mara nyingi inatoka na matone ya maji na mafuta. Umepeleka vumbi, umerudi na maji kwenye bodi.

Usipulize kwa mdomo. Mate ni maji.

Usiweke programu ya kuipunguza feni kasi ili chumba kitulie. Huko ni kumziba mdomo mlinzi wakati mwizi yuko uani. Na usivae tu visikilizio ukaongeza muziki. Nimeona wanafunzi wengi wakifanya hivyo, na ninawaelewa, mitihani iko karibu. Joto haliangalii ratiba ya mitihani.

Fanya haya.

Leo, kabla ya kulala, nakili kazi yako nje ya mashine. Flashi, diski ya nje, barua pepe ya kwako mwenyewe, chochote. Nakili hata kama kelele ni ndogo. Nakili kabla ya kusafisha, maana hata fundi hodari huteleza.

Leo pia, iondoe kitandani. Meza, ubao, sinia lililogeuzwa, kitabu kikubwa chenye jalada gumu, almradi pawe pagumu na tambarare. Ukiinua upande wa nyuma kwa vizibo viwili vya chupa, tumbo linapata nafasi ya kuvuta hewa. Baadhi ya mashine hushusha mvumo kwa hilo peke yake.

Wiki hii, isafishe. Izime kabisa, si kuilaza tu. Chomoa chaja. Fungua kifuniko cha chini, na kabla ya kugusa kitu kingine chomoa betri. Tumia brashi laini iliyo kavu, au hewa ya kopo inayouzwa kwenye maduka ya kompyuta, kwa mipulizo mifupi. Shikilia mapanga ya feni kwa kijiti cha meno yasizunguke unapopuliza. Feni ikizungushwa kwa upepo kupita kasi yake huharibu beringi, na inaweza kurudisha umeme kwenye bodi. Kisha angalia upande wa pili wa feni, kwenye mapezi. Hapo ndipo kile kitambaa kinapojificha. Ukisafisha mapanga ukaliacha pande la vumbi mahali pake, hujafanya kitu.

Huna bisibisi, au mkono unatetemeka? Nenda kwa fundi, lakini nenda na maneno haya: asafishe mapezi, abadilishe pesti, aijaribu feni ukiwepo. Mwambie akuonyeshe alichokitoa. Fundi mzuri hafichi uchafu, anakuita uje uuone. Kama feni inasaga, usikubali ya "kuchokonoa kidogo". Soma namba iliyoandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa juu ya feni, itafutwe ya namba hiyo hiyo. Feni ni miongoni mwa vipuri vya bei ya chini ndani ya mashine, na bodi ni miongoni mwa vya bei ya juu. Anayekataa kununua ya kwanza anajiandaa kununua ya pili.

Baada ya hapo, kwa anayeishi kwenye vumbi, isafishwe angalau mara mbili kwa mwaka. Mara moja kabla ya msimu wa joto, mara moja msimu huo ukiisha.

Na kwa wakuu wa ofisi na walimu wenye maabara za kompyuta: piteni leo, chumba kwa chumba, mkisikiliza. Mashine zilizonunuliwa siku moja na kukaa chumba kimoja zimekula vumbi moja. Moja ikianza kulia, nyingine ziko njiani. Msisubiri zilie zote.

Nimebakiza jambo moja, na ni la haraka kuliko yote. Linamhusu mtu ambaye feni yake ilikuwa ikipiga kelele wiki iliyopita, na leo imenyamaza bila yeye kuigusa.

Weka kiganja kwenye tundu la kutolea hewa mashine ikiwa inafanya kazi. Ukisikia upepo wa moto, feni inazunguka. Usiposikia upepo wowote na mwili wa mashine unaunguza, imesimama. Izime sasa hivi. Iache ipoe kabisa. Iwashe mara moja tu, bila chaja, mezani, mbele ya pangaboi, unakili kazi yako na usifungue kingine chochote. Kisha izime, na isiwashwe tena mpaka feni mpya iwe imefungwa.