Mimi Ndiye Niliyekosa, Si Bwana Soda

Katika mdahalo wa chama chetu muhula huu hoja ilikuwa hii: "Asiyejiandaa kwa safari asimlaumu mtu." Upande wa kuunga mkono ulishinda kwa kishindo. Watu walipiga makofi, wakapiga na meza. Mimi niliunyoosha mkono upande wa kupinga, na tulikuwa wachache hata katibu hakuhitaji kutuhesabu mara ya pili. Nyuma yangu alikaa rafiki yangu, kajikunyata kama kuku aliyenyeshewa, kwa maana kila msemaji alikuwa akimsema yeye bila kumtaja jina. Habari zetu za likizo ya Aprili zilitutangulia kufika shuleni. Siku ile muda uliisha kabla sijapewa nafasi ya kusema. Mhariri amenipa ukurasa huu, nami namshukuru, kwani neno langu lingali kooni.

Rafiki yangu nitamwita Bwana Soda. Amenipa ruhusa mwenyewe, na sababu ya jina mtaiona. Yeye ni mtoto wa Mombasa, mzaliwa wa mjini, mimi ni wa Marungu. Kwa wale wasiofahamu, Marungu ni kwetu huku upande wa Maungu, ambako magari ya Nairobi na Mombasa hupita yakivuma usiku kucha. Ukiiacha lami pale Maungu na kuelekea kusini, kuna barabara ya vumbi jekundu inayopita Buguta hadi vijiji vilivyouzunguka mlima Kasigau: Rukanga, Jora, Bungule, Makwasinyi na Kiteghe. Ni zaidi ya kilomita 30. Pande zote ni ranchi na vichaka, migunga na mibuyu, na ndovu wanaohama kati ya Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi hukatiza humo humo. Si mbuga yenye lango wala ua. Ndovu akitaka kupita barabarani, anapita.

Bwana Soda alikuja kututembelea, akauona mlima Kasigau kwa mbali asubuhi moja, umefunikwa na wingu kileleni, akasema, "Tutembee mpaka pale." Nilicheka. Kesho yake akarudia. Siku ya tatu nikakubali, tukapanga kwenda kulala kwa shangazi yangu Rukanga, kesho yake tujaribu kuupanda huo mlima.

Sasa sikilizeni, kwa maana hapa ndipo penye kesi.

Usiku ule nilimwona akifunga mkoba wake. Nilikuwa nimekaa kitandani, hatua mbili tu kutoka kwake. Alitia jinzi, akatia fulana tatu, manukato, spika ndogo ya muziki, pakiti mbili za biskuti na soda mbili za chupa ya plastiki. Maji yalikuwa chupa moja ya nusu lita. Miguuni alikusudia kuvaa raba mpya, nyeupe pe pe pe, ambazo hazikuwa zimetembea hata kilomita moja tangu zinunuliwe. Kofia hakuwa nayo. Nilivitazama vitu hivyo kimoja kimoja. Mimi nimezaliwa kule. Najua Aprili ile mvua ilikuwa imekataa kunyesha na silanga zilikuwa zimebaki tope. Nilijua, nikanyamaza kimya.

Kwa nini? Mgeni, bwana! Kwetu mgeni hakaguliwi mkoba. Angeniona namdharau, au angesema najifanya mjuaji. Tena, niseme ukweli, moyoni nilikuwa nikicheka kidogo. Nilitaka mtoto wa mjini aone kilichomtoa kanga manyoya, halafu nije kuwasimulia shuleni. Baba aliniuliza, "Mwenzio yuko tayari?" Nikajibu, "Yuko tayari, baba." Hilo ndilo jibu ambalo upande ulioshinda mdahalo haukulizungumzia, kwa sababu hawakulijua.

Baba alitwambia tutoke mara tu kunapopambazuka vya kutosha kumwona ndovu kwa mbali, tusitoke mapema zaidi wala tusichelewe. Bwana Soda aliamka saa mbili kasoro, akaoga, akajipaka mafuta, akanywa chai polepole kama bwana shauri. Tulitoka saa tatu kasorobo. Hapo pia ningeweza kusema, "Leo tumechelewa, twende kesho." Sikusema.

Saa ya kwanza ilikuwa furaha tupu, muziki mkono mmoja, soda mkono mwingine. Soda ya pili iliisha kabla ya saa nne na nusu. Wengi hudhani soda ni maji, lakini utamu ule ulimzidishia kiu, na ile nusu lita akaimaliza kwa mikupuo mitatu. Mtu anayetembea kwenye jua kali aweza kutoa jasho la lita nzima kwa saa moja. Pigeni hesabu wenyewe. Mimi nilibeba jerikeni ya lita tano, niliyodhani ni ya mtu mmoja na akiba kidogo. Kumbe ni ya watu wawili bila akiba.

Karibu na saa tano na nusu tukakuta mavi ya ndovu mabichi, yanafuka, na matawi yaliyovunjwa yakiwa bado na utomvu. Nikachota vumbi, nikaliachia lianguke nione upepo unaelekea wapi. Ulikuwa unatoka kwetu kwenda kule vichakani. Tukarudi nyuma, tukazunguka kidogo, tukakaa chini ya mgunga usio na kivuli cha maana. Wakatoka: majike na watoto wao, wekundu kwa vumbi la Tsavo, wakavuka barabara bila haraka yoyote. Bwana Soda akataka kusogea apige picha. Nilimshika shati kwa nguvu hadi kifungo kikatoka. Tulingoja saa nzima na zaidi, kwa kuwa jike mmoja alibaki nyuma na hatukujua ana nini moyoni. Saa ile ndiyo iliyotunywea maji.

Tulipoanza tena jua lilikuwa la utosi. Raba zile nyeupe zikaanza kazi yake. Akavua moja, na kisigino kilikuwa na lengelenge kubwa kama sarafu ya shilingi ishirini, tayari limepasuka. Simu yake ilikuwa imezima, chaji imekwisha kwa muziki. Yangu ilikuwa na chaji lakini pale mtandao ulikuwa haushiki. Akawa mkali, akanilaumu mimi, akamlaumu ndovu, akaulaumu mlima. Kelele hizo hazikunitisha. Kilichonitisha ni pale alipoacha kusema. Alitembea kama mlevi, akisema kichwa kinampasuka, akatapika zile biskuti, kisha akaketi katikati ya barabara akaniambia, "Nenda wewe. Mimi nalala kidogo tu."

Wasomaji wenzangu, maji yalikuwa yamebaki kama kikombe kimoja. Buguta ilikuwa mbele, sikujua ni mwendo wa saa moja au mbili kwa mtu mzima. Kwenda peke yangu kuita watu ni kumwacha kwenye njia ya ndovu, hajijui hajitambui. Kukaa naye ni kungoja gari ambalo huenda lisipite mpaka jioni. Hakuna aliyenifundisha jibu la hesabu hiyo. Nilimburura mpaka kwenye mbuyu, nikamvua shati, nikachovya leso katika maji yale nikamfuta shingoni na kwapani, nikampepea kwa kitabu cha mazoezi, nikawa namtilia maji mdomoni kidogo kidogo. Nilikaa. Sikukaa kwa ujasiri, nilikaa kwa sababu niliogopa kurudi kwa baba nikiwa peke yangu na lile jibu langu, "yuko tayari."

Pikipiki ilipita baada ya muda ambao sitaki kuukadiria. Kijana alikuwa amebeba mitungi ya maji ya kuuza. Maji! Alitumwagia mtungi mzima bila kutuuliza senti, akatupakia wote wawili, sisi watatu kwenye kiti kimoja, hadi zahanati. Bwana Soda alitundikiwa chupa ya maji ya mshipani, jioni akaanza kuuliza raba zake ziko wapi.

Basi nirudi kwenye hoja. Upande ulioshinda ulisema kila mtu abebe mzigo wake. Maneno mazuri, lakini asiyejua hajui kuwa hajui. Bwana Soda hakukataa kubeba maji, yeye aliamini kwamba barabara haikosi duka. Kwao Mombasa barabara haikosi duka! Aliyejua kwamba kati ya Maungu na Buguta mtu aweza kutembea nusu siku bila kuona bomba ni mimi. Ujuzi ule ulikuwa maji yangu ya pili, nami nikayaficha.

Tena nchi hii yetu si ngeni kwa mambo haya. Misafara ya zamani iliyotoka pwani ilivuka nyika ya Taru na kufika Maungu ndimi zimekauka, na maji yenyewe yalikuwa juu kilimani, si chini. Joseph Thomson alipita njia hiyo mwaka 1883. Kabla yake, mwaka 1848, mmisionari Johannes Rebmann alitoka Rabai akapita Utaita hadi Uchaga, akauona Kilimanjaro na theluji yake tarehe 11 Mei. Vitabu vinamsifu Rebmann na mwavuli wake. Mimi namfikiria zaidi Bwana Kheri, Mswahili aliyeuongoza msafara ule. Rebmann alikuwa mgeni, kama Bwana Soda. Kama Bwana Kheri angekaa kimya ili amcheke Mzungu, nani angezijua habari za theluji?

Kuna wengine, na baadhi yao ni walimu wangu ninaowaheshimu, wanaosema dawa ni kuzipiga marufuku safari za miguu kabisa. Kwa heshima na taadhima, nakataa. Vijana watakwenda tu, tofauti itakuwa kwamba watakwenda bila kuaga. Tazameni utaratibu wa Tuzo ya Rais, ambayo imekuwapo nchini tangu 1966. Ngazi ya Shaba ina safari ya siku mbili na usiku mmoja, Fedha siku tatu, Dhahabu siku nne. Hakuna anayetumwa hivi hivi. Wanafundishwa kwanza, wanakwenda safari ya majaribio, ndipo waende ile inayohesabiwa, tena kwa kundi la watu wanne hadi saba. Watu wanne! Sisi tulikuwa wawili, na mmoja alipoanguka hakukuwa na wa kutuma. Hilo pekee lingetosha kuniambia tusitoke.

Ninachotaka chama chetu na shule wakikubali ni kidogo sana. Kabla ya safari yoyote ya miguu, mikoba yote imwagwe sakafuni, kila mtu auone wa mwenzake. Usianzwe na wa mgeni. Uanzwe na wa mwenyeji, ndipo mgeni asione aibu. Na yule anayeijua njia aulizwe mbele ya watu, "Huyu yuko tayari?" Akijibu ndiyo, jibu liandikwe.

Jumamosi iliyopita Bwana Soda alinijia bwenini. Agosti anataka turudi, tuwe wanne, tutoke alfajiri, na ameshamwandikia shangazi yangu. Raba zile sasa ni nyekundu, anazivaa kila jioni uwanjani kuzilainisha. Nikamwambia safari hii naufungua mkoba wake mimi mwenyewe. Akasema sawa, tuanze na wako ule wa Aprili, hebu uusome vitu vyake. Nikasoma: jerikeni, mihogo ya kuchemsha, kisu, kofia, tochi, leso.

"Chumvi na sukari ya kuchanganya na maji?" akaniuliza. Sikuwa nayo. "Plasta? Bendeji?" Sikuwa nazo. "Filimbi?" Wala hiyo.

Akatoa kalamu akaanza kuandika.