Taka na Malezi

Tarehe 28 Agosti 2017, Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki. Mifuko ikapungua, lakini chupa na ndara zingali zaletwa na maji pwani kwetu. Sheria ile haikuzigusa. Wala sheria hailei mtoto.

Kwa wazee wetu, nazi haikutupwa kitu: makumbi yalisokotwa kamba, kifuu kikawa upawa, machicha yakaliwa na kuku. Mtoto alijifunza kwa kuona. Plastiki nayo haiozi. Jua huivunja vipande, kisha samaki huvila.

Mwaka 2018 mafundi wa Lamu walishusha majini Flipflopi, chombo cha tanga kilichoundwa kwa plastiki na ndara zilizookotwa. Mwaka 2019 kikasafiri hadi Unguja. Hilo ni somo jema, ila si ruhusa ya kutupa.

Chuoni mtoto hufunzwa kwamba kuondoa udhia njiani ni katika imani. Akirudi nyumbani akamwona babake akitupa chupa baharini, ashike lipi? Basi wazazi, tuanze sisi: kila nyumba iwe na kapu la plastiki mbali na la mabaki ya chakula, na mtoto ndiye alitunze. Samaki mkunje angali mbichi.